Poda ya mtoto: tunabishania saratani, hatari iko kwenye pumzi

Kila habari mpya ya kesi za poda za Marekani inapofika huku kwetu, ubishi wa wazazi huwaka upya. Upande mmoja unasema tupa kopo leo leo, lina saratani. Upande wa pili unajibu: bibi alitupaka, mama akatupaka, na tupo wazima. Kila upande una lake la kweli. Ila swali wanalogombania linamhusu zaidi mwanamke aliyetumia poda miaka thelathini. Mtoto wa miezi mitatu aliyelazwa kitandani akisubiri kufungwa nepi ana swali lake jingine, na hilo halina mgomvi.

Kwanza huo ugomvi wenyewe. Poda ya asili tuliyoizoea ni talki, madini laini kuliko yote, yanayosagwa mpaka yakawa ungaunga unaoteleza. Talki hupunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi, ndiyo maana mapaja ya mtoto mnene huteleza baada ya kupakwa. Shida yake iko ardhini: mara nyingi hupatikana kwenye miamba ambayo asbesto, madini mengine yenye nyuzinyuzi nyembamba, nayo hujitengeneza. Na kuhusu asbesto hakuna ubishi. Husababisha saratani, na huchukua miongo kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Hapo hoja ya "tumekua wazima" inapungua nguvu. Aliyekua mzima miaka ishirini hajamaliza muda wa kusubiri, na aliyeugua akafa hayupo kwenye ubishi kutoa ushahidi.

Johnson & Johnson walianza kuuza poda yao ya watoto mwaka 1894. Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi kuwa kampuni hiyo, kati ya mwaka 1971 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa na majibu ya vipimo yaliyoonyesha chembe za asbesto katika baadhi ya sampuli za talki na poda yake. Kampuni ilikanusha na inaendelea kukanusha, ikisema poda yake ni salama na haina asbesto. Oktoba 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikuta asbesto kidogo katika chupa moja iliyonunuliwa mtandaoni. Chupa 33,000 hivi za toleo hilo zikarudishwa. Kampuni ikasema vipimo ilivyofanyiza baadaye havikuona kitu. Huko mahakamani kumekuwa na kupanda na kushuka: mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini St. Louis liliwapa wanawake 22 waliodai poda iliwaletea saratani ya ovari (mfuko wa mayai) dola bilioni 4.69, rufaa ikazipunguza hadi kama bilioni 2.1. Majaribio matatu ya kuzimaliza kesi hizo kwa njia ya kampuni tanzu kuomba kufilisika yalikataliwa na mahakama, la mwisho likiwa Machi 2025.

Lakini fidia ya mahakama si kipimo cha maabara. Wanasayansi wenyewe wanasemaje? Januari 2020 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa wanawake zaidi ya 250,000 wa Marekani. Waliotumia poda sehemu za siri hawakuonekana kupata saratani ya ovari kwa kiwango kinachotofautiana vya kutosha na wengine. Tofauti ilikuwepo, ila ndogo kiasi kwamba bahati tu ingeweza kuileta. Mwaka 2024 baadhi ya watafiti hao hao walirudi na takwimu za kundi moja kati ya yale yale waliyoyachambua mwanzo, wakijaribu kurekebisha kasoro za kumbukumbu za wahojiwa, na safari hii uhusiano ukaonekana. Julai mwaka huo huo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likaipandisha talki hadi kundi 2A, yaani vitu ambavyo "yumkini" vinasababisha saratani kwa binadamu.

Wengi waliposikia hivyo waliona kesi imekwisha. Haijaisha. Makundi ya IARC yanaeleza uzito wa ushahidi, hayasemi hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani. Kwenye 2A hiyo hiyo wamo moshi wa kuni za kupikia ndani ya nyumba, nyama nyekundu, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65. Mama anayemkalisha mtoto mgongoni jikoni huku kuni zinafuka, kisha akatupa kopo la poda kwa kuogopa 2A, amefanya chaguo geni kidogo. Simcheki, moshi hauna kampuni ya kushtakiwa, ndiyo maana hauandikwi.

Msimamo wangu kuhusu saratani, basi, ni huu: ushahidi wa talki safi bado una utata, ushahidi wa talki yenye asbesto hauna, na mnunuzi wa dukani hana namna ya kuzitofautisha kwa macho wala kwa harufu. Hicho kipengele cha mwisho kinanitosha kutoimwaga kinenani mwa mtoto wa kike. Lakini sitamwambia mama aliyeitumia mwaka mzima akose usingizi.

Sasa pumzi, ambayo kwa mtoto ndiyo habari yenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani wameonya dhidi ya poda kwa miongo mingi, kabla ya kesi za saratani kujaza magazeti, na onyo lao halikuhusu saratani. Talki haiyeyuki kwenye maji. Ikivutwa kwa wingi, inashuka kwenye vijia vyembamba vya mapafu, inakausha ute unaolinda njia hizo na kuziziba. Mtoto anaweza kukohoa kidogo, akanyamaza, akaonekana amepona, kisha baada ya saa kadhaa ndipo pumzi ikaanza kubana. Wapo waliokufa; si wengi, lakini vifo hivyo vimeandikwa kwenye majarida ya kitabibu tangu zamani. Na namna inavyotokea haina ajabu yoyote: mama anabadilisha nepi, mtoto anarusha miguu, anapewa kopo achezee ili atulie. Kopo linafanana na chupa ya maziwa, analipeleka mdomoni, kifuniko hakikubana. Mtoto anapaliwa na unga badala ya maziwa.

Hapa anayejitetea na poda ana hoja ya haki. Akipaka kwa mkono wake, kidogo, mbali na uso, hatari hiyo inashuka sana. Kweli. Ila tazama poda inavyopakwa kwenye nyumba nyingi za pwani mtoto anapotoka kuoga: kopo linapinduliwa juu ya kifua, linapigwa kitako mara mbili tatu, wingu linapanda, shingo inabaki nyeupe kama ukuta wa chokaa ili mgeni akija ajue mtoto kaogeshwa. Saa moja baadaye jasho limeifanya ile poda madonge ndani ya mikunjo ya shingo, na madonge hayo yanakwaruza ngozi pale pale ilipotakiwa kulindwa. Sote tumewahi kuyatoa kwa kitambaa.

Wengine wamehamia poda ya wanga wa mahindi. Ni hatua nzuri kwa upande wa asbesto, kwani mahindi hayachimbwi mgodini. Hofu ya kwamba wanga unalisha fangasi wa nepi ilijaribiwa miaka ya 1980 kwenye ngozi ya binadamu na haikuthibitika. Lakini wanga nao ni unga, na unga ukivutwa ni unga. Chembe zake kwa kawaida ni kubwa kuliko za talki, hivyo hazishuki ndani kwa urahisi ule ule. Ni nafuu, si kinga. Neno "asilia" kwenye kopo lisimfanye mtu alegeze mkono.

Ninachokiogopa zaidi ya talki ni kile kilichomo ndani bila kuandikwa. Ufaransa, mwaka 1972, poda ya watoto ya Morhange ilichanganywa kwa makosa kiwandani na hexaklorofeni, dawa kali ya kuua vijidudu, kwa zaidi ya asilimia 6. Watoto zaidi ya 200 waliugua, 36 wakafa kwa sumu iliyopita kwenye ngozi na kufika kwenye mfumo wa fahamu. Miaka tisa baadaye, katika Jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam, poda ya watoto ilikutwa na warfarini, ile dawa inayotumika kuua panya kwa kuwatoa damu ndani. Kesi zilizohesabiwa zilikuwa 741, vifo 177. Kwenye matukio hayo mawili talki haikuwa na kosa. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, mwili ni mdogo, na poda hupakwa mwili mzima mara kadhaa kwa siku kisha nepi ikafungwa juu yake, hivyo kosa dogo la kiwandani linapita lote.

Na kuna yanayoandikwa lakini hayasomwi. Zile poda za harara zinazotoa ubaridi zimetengenezwa kwa ngozi ya mtu mzima. Nyingine zina mentholi, nyingine kafuri, nyingine asidi ya boriki. Kafuri na mentholi karibu na pua ya mtoto mchanga vinaweza kuvuruga pumzi yake. Mwaka 1980 watafiti wa Nigeria waliandika kuhusu hatari ya manjano kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, waliokutana na mentholi, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yaliyoishi na malaria karne nyingi, pwani yetu ikiwemo. Harara yenyewe hupungua mtoto akivuliwa sweta. Najua kumwambia bibi hivyo mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, ni kutafuta ugomvi.

Turudi kwa kampuni ya Johnson & Johnson, kwani kuna jambo lililopita kimya. Mei 2020 ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, ikisema mahitaji yamepungua kwa sababu ya taarifa potofu. Kwingineko duniani iliendelea kuuza mpaka mwaka 2023. Ukiitetea utasema: wanaamini bidhaa ni salama, sasa kwa nini waiondoe mahali ambapo wateja wanaitaka? Ni hoja inayosimama kibiashara. Ila maana yake ni kwamba kwa karibu miaka mitatu mteja wa Chicago alikuwa na kopo la wanga pekee na wa sehemu nyingine aliwekewa talki, na kilichowatofautisha kilikuwa idadi ya mawakili.

Kwetu ulinzi huo wa mawakili haupo, kwa hiyo kazi inabaki kwa wakaguzi. Tanzania Bara, ukaguzi wa vipodozi ulihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Zanzibar wapo Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya wapo KEBS, shirika lao la viwango. Wafanyabiashara wanalalamika kwamba vipimo ni ghali na mizigo inakaa bandarini, na kwa mwenye duka dogo lalamiko hilo si la kubeza. Lakini kutafuta asbesto kwa darubini ya elektroni si kazi ya mwenye duka. Ni gharama ya mwagizaji mkubwa na mtengenezaji, na cheti cha chanzo cha talki kinapaswa kuambatana na mzigo tangu mgodini.

Lipo pia jambo rahisi lisilohitaji maabara. Umoja wa Ulaya unalazimisha poda yoyote yenye talki ya watoto walio chini ya miaka mitatu iandikwe onyo la kuiweka mbali na pua na mdomo wa mtoto. Onyo hilo hapa mara nyingi utalikuta kwa Kiingereza, nyuma ya kopo, kwa maandishi ya kusomwa kwa miwani, wakati mbele kuna picha ya mtoto anayecheka. TBS na KEBS wanaweza kudai liwe kwa Kiswahili na liwe mbele. Mtengenezaji atabadilisha karatasi ya nembo tu.