Shilingi ya Tanzania na ya Kenya: mstari wa 1983

Ukifungua jedwali la viwango vya zamani vya shilingi hizi mbili, jicho linakimbilia chini, kwenye miaka hii ambayo shilingi moja ya Kenya inanunua karibu 20 za Tanzania. Mimi hunasa juu zaidi, kwenye mstari wa 1983. Kwa wastani wa viwango rasmi vya mwaka huo, dola moja ilikuwa shilingi 11.14 za Tanzania na 13.31 za Kenya. Gawanya mwenyewe: shilingi ya Kenya ilipata karibu senti 84 za Tanzania. Ya Tanzania ndiyo iliyokuwa juu! Na huo ndio mwaka wa foleni za sabuni na sukari, mwaka ambao Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, aliendesha msako wa wahujumu uchumi na watu wakawa wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo.

Zilianza sawa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja tangu 1921, na ilipovunjwa mwaka 1966 kila nchi ilitoa yake kwa thamani ileile, 7.14 kwa dola. Usawa huo uliendelea kwa kiasi kikubwa hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa mwaka 1977 na mpaka ukafungwa. Kisha vikaja vita vya Kagera, mafuta yakapanda, bei ya kahawa ikashuka. Hazina ya Tanzania ikaishiwa dola, ila kiwango rasmi kikasogezwa kidogo tu.

Mwalimu Nyerere hakutaka kushusha thamani ya shilingi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Mbuni, mti wa kahawa, huchukua miaka kuzaa. Hauzai zaidi kwa sababu ya tangazo la Benki Kuu. Dawa, mafuta na vipuri vingepanda bei siku ileile, na wa kwanza kuumia angekuwa mwenye mshahara wa kima cha chini. Tena masharti yenyewe yalitoka kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na nchi iliyojitawala juzi tu ilikuwa na haki ya kuuliza nani anapanga bei zake. Mvutano huo ndio uliomfanya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Waziri wa Fedha, aliyetaka kukubaliana na Shirika hilo, ajiuzulu mwaka 1979. Waliomuunga mkono Nyerere wana ushahidi pia: thamani iliposhushwa kuanzia 1986, chini ya Rais Mwinyi, dola ilipanda kutoka wastani wa shilingi 17 mwaka 1985 hadi 195 mwaka 1990, na maisha ya mfanyakazi wa mjini yakawa magumu kweli.

Hata hivyo, nikipima, mizani inanielemea upande wa Mtei. Mkulima alipolima kahawa ikauzwa nje kwa dola moja, hesabu yake ilianzia kwenye hizo shilingi 11, na kabla hazijamfikia zilikuwa zimekatwa huku na huku. Dola hiyohiyo kwa walanguzi ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Nani alibaki na tofauti? Aliyepata kibali cha kuagiza bidhaa kwa kiwango rasmi, na aliyevusha mali usiku kwenda Kenya. Mfumuko wa bei nao haukungoja kushushwa kwa thamani. Ulikuwa ukizunguka asilimia 30 wakati kiwango bado kimeshikiliwa. Kile kilichoitwa kumlinda mnyonge kilikuwa kodi juu ya mnyonge wa shambani, na hakuna bunge lililoipitisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosoma hiyo 20 kwa moja kama alama za mtihani, Kenya juu na Tanzania chini. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilifunguka kati ya 1986 na 1995, bei ya kweli ilipotoka gizani na kuandikwa kwenye jedwali. Kufikia 1995 ilikuwa takriban 11 kwa moja. Kilichofuata ni mmomonyoko wa polepole, nao haukwenda upande mmoja tu. Hata kabla ya hapo Kenya ilipitia anguko lake mwaka 1993, kashfa ya Goldenberg, ya malipo ya serikali kwa dhahabu hewa, ikiwa imepamba moto, na shilingi yake ikaporomoka vibaya ndani ya miezi.

Mtikisiko wa karibuni unaonekana vizuri kwenye gunia. Tuseme gunia la mahindi upande wa Tanzania wa mpaka wa Namanga linauzwa shilingi 100,000, na bei hiyo haiguswi. Mwanzoni mwa 2023, shilingi ya Kenya ikinunua karibu 18.8, Mkenya alilipa kama 5,300 zake. Januari 2024 dola ilipovuka 160 jijini Nairobi, gunia lilelile likamgharimu karibu 6,400. Kisha Kenya ikapata mkopo mpya wa kulipia deni lake la dhamana za kimataifa, hofu ikapungua, na kufikia katikati ya mwaka likawa kama 4,900. Mkulima hakubadilisha chochote. Hata shilingi ya Tanzania haikusogea kiasi hicho. Bei ya hizi mbili hupatikana kwa kupitia dola, kwa hiyo mmoja akiteleza, mwenzake anaonekana amepanda.

Sasa itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuka baadaye, ambayo ilisainiwa Kampala mwaka 2013, ilitaka kazi iishe 2024; tarehe imesogezwa hadi 2031. Hoja nyingi zinahusu mfumuko wa bei, nakisi na deni la taifa. Siku ya kubadilisha noti, hata hivyo, mtu atafika kaunta na shilingi zake milioni mbili za Tanzania, na jirani yake na laki moja za Kenya. Kwa kiwango cha Januari 2024, karibu 15.7, wa Tanzania ndiye mwenye nyingi zaidi. Kwa cha miezi sita baadaye, karibu 20.4, ni wa Kenya.