Kufutwa kwa GRE ya Hisabati: nani amefunguliwa mlango?

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipovuruga ratiba za mitihani, idara nyingi za hisabati nchini Marekani ziliacha kuwadai waombaji wa shahada ya uzamivu matokeo ya GRE ya somo la Hisabati, mtihani sanifu wa kuomba masomo ya juu. Baadhi hazijaurudisha mtihani huo, nyingine zimeufanya wa hiari.

Wanaoshangilia wana hoja nzito. Mtihani una maswali 66 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa saa 2 na dakika 50, na karibu nusu yake ni kalkulasi. Hupimi hapo uwezo wa kukaa na tatizo moja kwa wiki nzima, wala wa kuandika uthibitisho usio na ufa, na kazi ya mtafiti ndiyo hiyo. Ada yake ni dola 150, fedha nyingi kwa kijana aliyemaliza chuo na bado hana ajira.

Pamoja na hayo, naona waliofaidika zaidi si vijana wetu. Mtihani ukiondoka, uzito wake unahamia kwingine. Unahamia kwenye transkripti, yaani rekodi za alama za chuo, ambazo hazisomeki sawa: Chuo Kikuu cha Nairobi alama 70 ni A, ilhali Mmarekani amezoea A ianzie 90. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam GPA, yaani wastani wa alama, hupimwa kwa 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Unahamia pia kwenye barua za mapendekezo, na barua hupata nguvu pale kamati inapomfahamu mwandishi. Mhadhiri wa Dodoma anaweza kuandika, kwa haki kabisa, kwamba hajawahi kufundisha mwanafunzi wa kiwango hiki, na bado maneno yake yasisikike kama ya profesa anayekutana na wanakamati kila mwaka kwenye mikutano ya kitaaluma.

Kuna pia uzoefu wa utafiti, na hapa ndipo panaponiuma. Programu za utafiti za majira ya joto zinazofadhiliwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani la sayansi, huwalipia raia na wakazi wa kudumu tu. Mwanafunzi wa Maseno anashindanishwa kwa kigezo ambacho hakuruhusiwa hata kukijaribu. Alama ya juu ya GRE, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa namba ambayo kamati haikuhitaji kumjua mtu yeyote ili iielewe.

Sitetei kuulazimisha tena. Ubaki wa hiari, ila idara iseme wazi kwamba alama nzuri itahesabiwa, na imsamehe ada ya maombi asiyeimudu. Kisha iwahoji kwa video waombaji wanaotoka vyuo isivyovijua: nusu saa ya kujadili uthibitisho mmoja wa uchanganuzi halisi au aljebra dhahania inatosha kumtofautisha aliyeelewa na aliyekariri. Maprofesa watasema hawana muda huo. Mwanafunzi wanayemchagua watakaa naye miaka mitano au zaidi.