Pasi ya Shangazi

Mjomba alikuwa ameahidiwa injini ya mashua pale Dunga, na mwanawe aliye Marekani akamtumia pesa za kuilipia kwa Bitcoin. Ila kijana alibana ada ya kutuma. Ilikuwa Aprili 2024, wiki ile ile zawadi ya wachimbaji, wale wanaofunga miamala kwenye mafungu yaitwayo bloku, ilipokatwa nusu hadi bitcoin 3.125 kwa bloku, na ada zilikuwa zimepanda hata wenye uwezo wakaguna. Simu ya mjomba ikabaki imeandika "inasubiri". Aliposikia kwamba kwangu Kondele kuna laptopu inayoendesha Bitcoin Core, programu ya kujiunga na mtandao wa Bitcoin, alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Nionyeshe."

Nikautafuta muamala wake kwenye mempuli, ile foleni ya miamala ambayo bado haijaingia kwenye bloku. Akaifuata namba yake kwa kidole, herufi na tarakimu zote 64, akilinganisha na simu, huku midomo ikicheza.

"Kwa hiyo pesa zangu zimo humu."

"Hazimo humu, Mjomba, sisi tunaziona tu..."

Hakunisikia. Kuanzia hapo akawa askari wa laptopu. Betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya, kwa hivyo aliyepita karibu na waya alikemewa.

Jioni mawingu yakatanda upande wa ziwa, radi zikaanza. Nikaamua kuifunga programu kwa utaratibu kabla stima haijapotea. Foleni hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Programu huiandika kwenye faili la mempool.dat pale inapofungwa vizuri. Kabla ya toleo la 0.14 la mwaka 2017 hata hilo halikuwepo, ukiwasha upya unaanza na foleni tupu. Nikabofya. Likatokea dirisha linaloonya tusizime kompyuta mpaka lenyewe litoweke. Mjomba akasimama mbele ya skrini, mikono ameitandaza, mtu asiguse.

Skrini aliilinda. Soketi je?

"Hamjambo humu? Kwangu tokeni ya stima imeisha, nanyoosha sare ya mtoto tu." Shangazi akachomoa waya, akachomeka pasi. Skrini ikawa nyeusi.

Mjomba akapiga nduru. Ploti nzima ikatoka, watu wakauliza nani amefariki.

"Injini," akasema.

Shangazi akageuza kola. "Kwani pesa zinakaa kwenye soketi, shemeji?"

Alipomaliza sare (hakukubali kuharakishwa), nikawasha upya. Programu ikasoma faili la zamani, la mara ya mwisho ilipofungwa vizuri, ikaupima upya muamala mmoja mmoja: uliozidi saa 336 ikautupa, ulioshaingia kwenye bloku ikaukataa. Wa mjomba haukuwemo kabisa. Nodi nyingine, yaani kompyuta nyingine zilizo kwenye mtandao huo, nazo hazikurudishii foleni nzima ukiamka. Zinakuletea miamala inayopita sasa. Waliounda programu hii ni mafundi hodari, ila nadhani hawana shangazi.

"Mjomba, nodi ziko maelfu duniani. Yangu ni kama jirani mmoja aliyesikia tangazo la harusi. Akilala, harusi haivunjiki."

"Na kama hao majirani wengine nao wana mashangazi?"

Nilikuwa bado natafuta jibu simu yake ilipolia. Muamala umeingia kwenye bloku. Mjomba akaisoma ile namba tena yote, kidole kikitetemeka, kisha akatangazia ploti kwamba nduru yake imefika Marekani.

Injini ilinunuliwa, inanguruma. Mjomba hata hivyo hunitumia tokeni za stima laptopu isizimike, maana mwanawe bado anabana ada. Habari hizo zilimfikia shangazi. Pasi yake sasa inashinda kwangu, na juzi aliingia na kikapu cha nguo za majirani. Nilipofungua mdomo tu akanikata:

"Wewe nyamaza. Hii stima ni ya mjomba wako."