Kupanga kando ya Morogoro Road: nani anafaidi, nani analipa

Ukitafuta nyumba ya kupanga kati ya Kimara na Kibamba, jijini Dar es Salaam, jambo la kwanza atakalokusifia dalali ni ukaribu na lami. "Iko barabarani kabisa, bosi, hapa hutembei." Nyumba ya namna hiyo haikai. Hulipiwa kodi ya miezi sita mkononi, na dalali akachukua yake ya mwezi mmoja, kabla hujamaliza kujadiliana na mwenzako. Nyingine iliyo kilomita mbili ndani, yenye vyumba vilevile na uwanja mkubwa zaidi, itakaa wiki kadhaa bila mpangaji. Soko limeshaamua kwamba karibu ni bora. Mimi nadhani uamuzi huo unapitishwa na mtu mmoja wa familia, yule anayetoka alfajiri na kurudi usiku, na wale wanaobaki nyumbani mchana kutwa hawaulizwi.

Hata hivyo, anayetoka alfajiri ana hoja nzito, na sitaki kuipita juu juu. Aliyekaa Kimara kabla ya mwaka 2016 anajua maana ya kuamka saa kumi ili kuiwahi foleni ya Ubungo, na bado akafika Posta amechelewa. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kwenda Kivukoni, Kariakoo na Morocco kwa njia yao wenyewe, awamu ya kwanza ikiwa na kilomita 20.9. Februari 2021 yakazinduliwa madaraja ya juu ya Ubungo pamoja na kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kikapanuliwa na kuwa cha njia nane. Mwendokasi una msongamano wake, na mtu anayegombania mlango pale Kimara Mwisho saa kumi na mbili asubuhi hatakubali kwamba tatizo limekwisha. Ila mtu wa Mbezi anayefanya kazi Kariakoo leo ana chaguo ambalo miaka kumi na tano iliyopita hakuwa nalo.

Faida hiyo lakini inaishia kituoni. Kutoka kituoni kwenda Msakuzi, Makabe au ndani ya Malamba Mawili ni habari nyingine. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000, na hapo ni mtu mmoja. Mkiwa wawili mnaofanya kazi, na mtoto anayesoma mbali, mnapita laki na nusu kwa mwezi kabla hata hamjagusa nauli ya mjini. Masika yakianza, njia ya udongo yenye mlima huwa utelezi mtupu, bodaboda wanapandisha bei au wanakataa kabisa, nawe unashuka na viatu mkononi. Hesabu hii ndiyo inayowafanya watu walipe kodi ya juu barabarani, na kwa mwenye kipato cha kawaida si anasa hata kidogo.

Kuna pia usiku wa dharura. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, tofauti ya nyumba iliyo mita 200 kutoka lami na iliyo kilomita tatu ndani inaweza kuwa tofauti ya kufika hospitali na kutofika. Anayeishi karibu na lami ana bajaji na teksi saa zote. Anayeishi ndani anampigia simu bodaboda anayemfahamu na kumwomba Mungu simu ipokelewe.

Sasa tugeukie wanaobaki. Morogoro Road si barabara ya mtaa wala ya jiji peke yake. Ndiyo mlango wa mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na malori yake hayalali. Kimara nayo ni nchi ya vilima. Lori lenye kontena likipanda kutoka Ubungo linaweka gia ndogo, injini inakamuliwa, na bomba linatoa moshi mwingi kuliko lingetoa kwenye tambarare. Likishuka, dereva anatumia breki ya injini, ile inayounguruma na kukatika-katika. Watu wazima husema wameizoea. Wanaweza wakawa wamezoea kutoamka, lakini mwili unaendelea kuisikia: mapigo ya moyo hupanda hata kwa aliyelala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 usiku. Anayelala safu ya kwanza ya Kimara hahitaji kipimo kujua yuko mbali na hapo.

Ukitaka kujua hewa ya nyumba unayotaka kupanga, usimwulize mwenye nyumba. Pitisha kidole kwenye wavu wa dirisha linalotazama barabara. Vumbi la kahawia, linalopukutika, ni la udongo, na kila nyumba ya Dar inalo. Lakini kama kidole kimetoka cheusi, chenye utando unaogoma kutoka kwa maji matupu mpaka upate sabuni, hiyo ni masizi ya dizeli iliyochanganyika na unga wa matairi na breki. Kile kilichonaswa kwenye wavu ni chembe kubwa. Zile ndogo zaidi, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hazinaswi na wavu.

Habari njema ni kwamba sumu hii hupungua haraka kwa umbali. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2010 na taasisi ya Marekani, Health Effects Institute, yalihitimisha kwamba eneo linaloathirika zaidi ni lile lililo ndani ya mita 300 hadi 500 kutoka barabara kuu, na kwamba ushahidi unatosha kusema moshi wa magari unazidisha pumu kwa watoto. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watu wapatao milioni 6.6 katika jimbo la Ontario, Kanada: walioishi ndani ya mita 50 za barabara yenye magari mengi walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau uzeeni iliyozidi kwa takribani asilimia 7 ile ya walioishi zaidi ya mita 300. Mita 100 hadi 200 hatari ilishuka hadi asilimia 2 hivi.

Mtu atasema Ontario si Kimara, na ni kweli. Ila tofauti zenyewe hazitupi nafuu sana. Kwao baridi inawafanya wafunge madirisha sehemu kubwa ya mwaka, na mwenye kusumbuliwa na kelele anaweka vioo viwili. Kwetu nyumba hupumua kwa madirisha. Ukiyafunga Januari utalala kwenye jasho, na kiyoyozi ni bili ya umeme ambayo wengi hawaiwezi. Dawa nyingi zinazoandikwa kwa watu wa nchi za baridi hapa hazifanyi kazi. Tunachobaki nacho ni umbali. Kwa upande mwingine, Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, na hilo limesaidia. Linasaidia zaidi lori likiwa jipya na likihudumiwa vizuri kuliko likiwa kuukuu.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote kwa upande wa pili ni ya jiko. Jiko la mkaa ndani ya korido isiyo na dirisha linaweza kumvutisha mtoto moshi mbaya kuliko wa barabara, na anayehamia ndani kukimbia malori huku akipikia mkaa chumbani hajakimbia kitu. Nakubali. Lakini jiko unaweza kulitoa uani leo jioni, au kujinyima ukanunua mtungi wa gesi. Barabara huwezi kuitoa.

Upepo nao uwekwe kwenye hesabu. Barabara hii kwa ujumla inaelekea magharibi. Kusi, inayotawala kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, hutoka kusini, kwa hiyo moshi unasukumwa upande wa Goba na Makabe. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, zamu inahamia upande wa Bonyokwa na Malamba Mawili. Miezi ya kusi ni mingi zaidi. Kwa hiyo, mita 100 upande wa kaskazini wa barabara si sawa kabisa na mita 100 upande wa kusini, ingawa kodi ni ileile.

Umbali wenyewe pia hausimami mahali pamoja, na hili wakazi wa Kimara walilijua kwa uchungu. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kati ya Kimara na Kiluvya serikali ilitumia kipimo kikubwa zaidi, mita 121.5 kila upande, ikitegemea sheria ya mwaka 1932. Mwaka 2017 nyumba, fremu na nyumba za ibada zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zikapigwa X na kubomolewa, nyingi zikiwa na watu waliokaa hapo miongo mizima. Machungu ya waliobomolewa yamesemwa sana, na yalistahili kusemwa. Ambalo halikusemwa sana ni kwamba siku tingatinga lilipoondoka, aliyekuwa safu ya tatu au ya nne akaamka yuko safu ya kwanza. Alijenga kwenye utulivu, akajikuta ukumbi wake unatazama njia nane. Hakuhama, barabara ndiyo iliyomfuata.

Kwa hiyo, anayenunua kiwanja aulize mambo tofauti na anayepanga. Mpangaji anaweza kuhama kodi ikiisha. Mnunuzi aende TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kuuliza mpaka wa hifadhi unapoishia, aende serikali ya mtaa, aangalie vigingi kwa macho yake, na asitosheke na neno la muuzaji kwamba "X iliishia kule." Akishajua mpaka, asihesabu umbali kutoka lami ya leo. Ahesabu kutoka ukingo wa hifadhi, kwa sababu siku moja lami inaweza kufika pale.

Lipo na suala la kuvuka, ambalo madalali hawaligusi. Njia nane si barabara ya kuruka kwa kukimbia. Familia inayoishi upande mmoja, shule ikiwa upande wa pili, inamkabidhi mtoto wa darasa la kwanza uamuzi ambao hata mtu mzima hukosea. Daraja la waenda kwa miguu likiwa mbali, watu wanapita chini, na watoto wanawafuata watu wazima. Kabla ya kulipa, tembea njia ya mtoto kutoka mlangoni hadi darasani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyumba nzuri upande usio wa shule ningeiacha.

Uamuzi wangu unategemea nani yuko ndani ya nyumba mchana. Vijana wawili wasio na mtoto, wanaotoka saa kumi na moja na kurudi saa tatu usiku, wapange karibu na kituo bila kujilaumu. Saa wanazookoa ni afya pia, na wakichagua chumba cha nyuma watalala. Mwenye biashara aweke fremu barabarani, lakini asilale humo na watoto. Pale Temboni nimewahi kununua nyanya kwa mama aliyekuwa amemlaza mwanawe mchanga kwenye boksi nyuma ya genge, hatua chache kutoka malori yanapobadilisha gia. Khanga aliyomfunika ilikuwa nyeupe pembeni na ya kijivu juu, upande unaotazama barabara. Mama yule hakuwa na pa kumwacha mtoto, na si yeye wa kulaumiwa. Kituo cha kulelea watoto kilicho ndani kidogo ya mtaa, cha bei anayoiweza, kingefanya mengi kuliko ushauri wowote wa mwandishi.

Kwa familia yenye mtoto mchanga, mwenye pumu, au bibi anayekaa barazani kutwa, ningetafuta kati ya mita 300 na kilomita moja kutoka lami: unatembea hadi kituoni kwa dakika tano hadi kumi na tano, bodaboda unaiweka kwa siku ya mvua, na moshi mwingi umeshatawanyika njiani. Nyumba za ukanda huo zipo, hasa kwenye migongo ya vilima vya Temboni na Kwa Msuguri, na kwa sababu dalali hawezi kusema "hutembei," kodi yake huwa inazungumzika. Kuzidi kilomita mbili ningekwenda tu kama kuna lami ya ndani yenye daladala, kama ile ya Mbezi kwenda Goba.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kunifanya nibadili hesabu hizi. Reli ya kisasa ya SGR na bandari kavu ya Kwala, kituo cha makontena kilicho mbali na bahari, vimejengwa, pamoja na mengine, ili makontena yasilazimike kuanzia safari bandarini juu ya lori. Mzigo wa usiku ukihamia huko kwa wingi, Kimara atakayopanga mtu miaka kumi ijayo haitakuwa na ngurumo hii. Kwa anayelipa kodi ya miezi sita kesho asubuhi, malori bado yapo, na chumba cha kulala akikague saa tano usiku, dirisha likiwa wazi.