Mwizi wa korosho ana mnunuzi wake

Asanteni kwa habari hii ya vijana wanaosumbua vijiji vya Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, kwa wizi msimu wa korosho. Ila mmewataja vijana tu, anayewapa hela mmemwacha.

Huku kwetu mkulima anasubiri bibo, yaani tunda la mkorosho lenye korosho yake, lidondoke lenyewe ndipo aokote. Sasa mtu akipita usiku na tochi ya simu, asubuhi mama mjane anakuta mabibo yametapakaa chini ya mikorosho, kila moja limenyofolewa korosho yake. Palizi yote na dawa ya salfa aliyopulizia kwa mkopo vimeishia hapo. Mzigo huo hauendi chama cha msingi cha ushirika, maana kule unapimwa kwenye mizani kwa jina la mkulima. Unakwenda kwa watu wa kangomba, wanunuzi wa magendo wanaopima kwa bakuli gizani bila kuuliza umetoka wapi. Kukicha hela imeshaishia kwenye pombe ya nipa.

Kinachoniuma zaidi ni majirani kutoaminiana. Tulikuwa tunaanika korosho uani, ukienda msibani jirani anakuangalizia. Siku hizi watu wanalala na magunia chumbani. Mzee akimkemea kijana anatukanwa, na mzazi wa kijana naye anakuja kugomba!

Naomba serikali za vijiji zianze na hao wanunuzi, kwani wanajulikana hadi pikipiki zao. Na walinzi wa sungusungu wapewe tochi na posho, wazee wasiachwe peke yao mashambani usiku.