Fundi, Soma Kwanza Ndipo Ufute

Juzi nilimkuta shangazi yangu hapa Langoni, Lamu, kwenye duka lake la kuchapa, machozi yanamlengalenga. Word ilikuwa ikijifunga kila akitaka kutoa karatasi. Fundi akaja, akatamka neno lile la siku zote, "virusi", akafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Kadi za harusi, barua za wateja, orodha za watoto wa madrasa za miaka 6, vyote vimekwenda. Siku ya tatu Word ikajifunga tena.

Hili linaniuma sana. Kule Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, jahazi likivuja, fundi hulizunguka akapapasa mbao mpaka aupate ufa, ndipo akatia kalafati. Hapasui chombo. Mbona fundi wa kompyuta tunamwachia apige ramli?

Na Windows yenyewe huandika! Fungua Event Viewer, daftari la Windows la matukio, ingia Windows Logs, kisha Application, utafute makosa yenye nambari 1000. Humo mna programu iliyoanguka, saa yake, na faili ambamo kosa lilitokea. Niliifungua mbele ya shangazi: mara 7, na kila mara faili ni lile lile, la draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Msimbo ni 0xc0000005, yaani programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Fundi alikuwa ameirudisha draiva ile ile ya zamani kutoka kwenye fleshi yake. Tukaiondoa, tukaweka mpya ya watengenezaji wa printa. Dakika 20. Rekodi za mwanzo zingetuambia hivyo hivyo, ila zilifutwa pamoja na kadi za harusi.

Haya, si kila mara rekodi humtaja mkosaji. Ukikuta ntdll.dll, faili la Windows yenyewe linalotumiwa na programu zote, mara nyingi kosa limeishia hapo tu, chanzo kiko kwingine. Zima nyongeza za programu (add-ins) moja moja, pima RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kompyuta nzima ikizimika ukakuta, kwenye Windows Logs upande wa System, Kernel-Power 41, yaani kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri, tazama umeme kwanza. Na ziko siku ambapo kupiga Windows upya ndiyo dawa, lakini nakili faili za mtu kabla hujagusa kitu, tafadhali!

Shangazi aliniuliza moja tu: "Kumbe ilikuwa imeandikwa, mwanangu?" Sasa anazichapa upya orodha za madrasa, jina kwa jina, akiwauliza wazazi.