Yesu nimemjua vizuri nikiwa Hamburg kuliko nilipokuwa Tabata

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Najua haya ninayoandika kuna ndugu zangu hawatayapenda, hasa wazazi wetu, ila nimekaa nayo moyoni muda mrefu na naona bora niyaseme. Nyumbani Dar watu wameshikilia kwamba mtu akienda kuishi Ulaya wokovu wake umeishia uwanja wa ndege, atarudi hasali, na watoto wake ndo kabisa hata kuombea chakula hawajui. Mimi nimezaliwa Tabata, nimebatizwa Kilutheri na kupata kipaimara hukohuko, sasa hivi naishi Hamburg, Ujerumani, na mume wangu na watoto wetu wawili, na kwangu imekuwa kinyume. Yesu nimemjua vizuri nikiwa huku. Sisemi kwamba watu wa huku ni watakatifu kuliko wa Dar, makanisa ya huku yako matupu jamani, nasema kwamba huku niliondolewa kimoja kimoja kila nilichokuwa najivunia mpaka akabaki Yeye.

Tabata hujiulizi wewe ni nani, unaambiwa hata hujauliza. We ni binti wa mzee wa kanisa fulani, mke wa fulani, mama fulani, umeimba kwaya ya vijana, umeolewa ukahamia umoja wa wanawake, jumuiya inasali nyumba kwa nyumba na usipoonekana wiki mbili tu kuna mama atagonga geti, "mwanangu vipi, mbona kimya, mnaumwa?" na hatakuja mikono mitupu, atakuja na mkungu wa ndizi au hata maembe kwenye mfuko. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane jirani anawasha bajaji mnaenda, hela mtaongea asubuhi. Kazini nilikuwa mhasibu, nina meza yangu, watu wananiheshimu. Hayo yote ni baraka na nayatamani mpaka leo. Ila imani yangu ilikuwa imebebwa na watu, nikichoka kuomba yupo anayeniombea, nikikata tamaa mama ananivuta twende mkesha, kwa hiyo sikuwahi kujua kama ningesimama peke yangu.

Huku mume wangu alitangulia kwa kazi ya ghalani, sisi tukafuata. Cheti changu cha uhasibu hakikunipa kazi, lugha sijui, nikaanza kama msaidizi kwenye nyumba ya wazee, kuogesha watu wazima, kubadilisha mashuka, kulisha kwa kijiko, baadae ndo nikasomea uuguzi ule wa miaka 3. Nyumbani wakimuuliza mama binti yako anafanya nini Ujerumani alikuwa anajibu haraka haraka "yupo hospitali" alafu anabadilisha maneno. Sikumlaumu, alikuwa ananilinda. Kazini naitwa kwa jina la ukoo tu, hakuna mama fulani hakuna dada, na mwezi wa 12 saa kumi jioni giza limeshaingia unatoka kazini unapanda treni watu wote kimya wanaangalia simu, unafika nyumbani na kwa siku nzima hakuna mtu aliyekuuliza umeamkaje.

Alafu mume wangu akaumia mgongo na mkataba wake ulipoisha hawakumuongezea.

Hapa lazima niseme ukweli wa Ujerumani kwa sababu watu wa nyumbani wanaogopa vitu visivyo na wanaviacha vilivyo. Hatukulala njaa. Mume alitibiwa na bima, hakuna mtu aliyemwambia weka deposit kwanza, serikali inatoa hela ya watoto, mwaka 2025 ilikuwa Euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, tajiri na maskini wote wanapata, na kuna msaada kwa mtu asiye na kazi. Sasa nikawa najiuliza. Dar ushuhuda wetu mwingi ni Mungu amelipa kodi ya nyumba, Mungu ametoa ada, Mungu ametufungulia fremu Kariakoo, na ni kweli amefanya nami nimeshuhudia hivohivo. Lakini kama Mungu umemjua kwa kodi na ada tu, ukija nchi ambayo kodi na ada vina ofisi yake, utamuomba nini? Kwa maoni yangu hapo ndo wengi wetu tunapoishia, sio baridi wala starehe kama wanavyofikiri nyumbani. Wenyeji wenyewe ndo hivo, mwaka 2022 peke yake zaidi ya watu laki 5 walijitoa Kanisa Katoliki Ujerumani na upande wa Kiprotestanti karibu laki 3 na 80, na hawa ndo ambao babu zao walivuka bahari kutuletea Injili, kanisa la Azania Front pale karibu na Kivukoni ni mikono yao.

Shida iliyotupata sisi serikali haina dawa yake. Mume wangu alinyamaza. Mwanaume aliyezoea kuingia nyumbani na mfuko wa vitu watoto wanamkimbilia, sasa yeye ndo anabaki nyumbani mke anatoka alfajiri, anasubiri barua, na barua za huku zinakuja nyingi na zote ngumu. Nikirudi namkuta jikoni taa hajawasha. Kwenye sala ya jioni akawa hashiki zamu yake, siku moja nikamwambia baba omba leo akaniambia, "Naomba kama nani?"

Nilishindwa kumjibu palepale. Nilisikia mahubiri mengi sana Tabata kuhusu kichwa cha nyumba, mwanaume mpiganaji, mwanaume wa kumiliki na kutawala, na hakuna hata moja lililonisaidia usiku ule. Lililonijia baadae ni habari ya ubatizo wa Yesu, kwamba Baba yake alimwita mwanangu mpendwa pale mtoni kabla hajaponya mtu hata mmoja, kabla hajahubiri, hajalisha umati, hana kitu cha kuonyesha. Nimeisikia habari hiyo tangu Sunday school na sikuwahi kuona kwamba inamhusu mtu aliyepoteza kazi. Tukaisoma jikoni, mimi na yeye, bila watoto. Hakuruka ruka kwa furaha, aliniambia soma tena. Nikasoma tena. Kupona kwake hakukuwa kwa siku moja na mgongo mpaka leo sio ule, ila zamu yake ya kuomba alirudi, na alirudi bado hana kazi, hilo kwangu ndo kubwa.

Kipindi hichohicho baba yangu akafariki. Kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kinaongezwa muda na hela ya tiketi hamna, kwa hiyo msiba wa baba yangu mzazi niliuona kwenye simu. Mdogo wangu alishika simu juu nione, nikaona turubai, viti vya plastiki vya bluu, wamama wa jumuiya wamekaa kwenye majamvi na vitenge vyao, sufuria kubwa za ubwabwa zinapita nyuma, kwaya ya baba inaimba, mtu anapita anasema "nani huyo kwenye simu? pole mwanangu" alafu picha inaganda. Iliganda pia jeneza linateremshwa, nilibaki naangalia bega la mjomba. Ukifiwa Dar unalia mbele ya watu mia na kila mmoja anajua unalilia nini, na usiku watu wanalala kwenu hulali peke yako. Mimi nilinawa uso nikaenda zamu ya mchana. Mwenzangu kazini alinipa mkono wa pole kwa heshima kabisa, tukaanza kugawa dawa.

Kuna bibi pale alikuwa amesahau karibu kila kitu. Watoto wake wakija anawaita majina ya dada zake, na wewe anakuuliza unaitwa nani kila ukiingia. Jioni ile namuweka kitandani nikashindwa kujizuia, nikaanza kusema Baba Yetu taratibu kwa Kijerumani, kwa ajili yangu wala sio kwa ajili yake, nikafika "utupe leo riziki yetu" sauti ikakata. Akamalizia yeye. Yote, hajakosa neno mpaka Amina, alafu akanishika mkono na kuniuliza unaitwa nani. Mtu jina lake mwenyewe saa nyingine halijui, lakini anajua ana Baba. Nilikaa pale pembeni ya kitanda dakika kadhaa, na baba yangu siku hiyo kazikwa, na nikajua kwa uhakika ambao sikuwahi kuwa nao kwenye mkesha wowote kwamba mimi ni wa nani. Hakuna mchungaji pale, hakuna spika, hakuna mtu wa kuniwekea mikono.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Ulaya inaua imani namuuliza imani ipi.

Na naomba nisieleweke vibaya, sisemi watu wahame Dar ndo wamjue Mungu. Kwanza naitamani jumuiya kuliko kitu chochote, na upweke wa huku unaua watu kweli, nimeona. Ila kuna jambo makanisa yetu mengi nyumbani tuliangalie. Nina rafiki zangu Dar wameacha kwenda jumuiya wakati wanampenda Mungu sana, sababu hawana mchango. Jengo, mavuno, harusi ya mtoto wa mzee, basi la kwaya, majina yanasomwa na kiasi kimetajwa, mama anayeuza vitumbua anaona aibu anaanza kujificha akipita kiongozi wa jumuiya. Huyo mama amefundishwa na nani kwamba nafasi yake mbele za Mungu inategemea bahasha? Huku nako kuna kodi ya kanisa, ukijiandikisha ofisi ya mtaa kuwa we ni Mlutheri wanakata moja kwa moja kwenye mshahara, kwa hapa Hamburg ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato, na Watanzania wenzangu wameshaniambia sana nenda kajitoe utaokoa hela, Mungu hana fomu. Sijajitoa. Shule ya chekechea aliyosoma mwanangu mdogo ni ya kanisa, walimpokea hajui neno hata moja la Kijerumani. Lakini pia hakuna mtu anayesoma jina langu mbele na kiasi nilichotoa, mama wa Kijerumani mwenye pesa na mimi muuguzi tunakaa benchi moja na hakuna anayejua nani katoa nini, na hilo ningependa kuliona Tabata.

Kingine ambacho ningependa tukisome vizuri ni Yeremia 29. Mstari wa 11 kila mtu Dar anaujua, upo kwenye daladala na kadi za harusi, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ila ile ni barua, iliandikwa kwa watu waliopelekwa Babeli, na kabla ya mstari wa 11 wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa hukohuko na wauombee amani mji ule waliohamishiwa, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Sisi tulio nje tunaishi kama watu wa kupita, masanduku juu ya kabati, hela yote inaenda kwenye nyumba ya Kibaha au Goba ambayo haiishi, mji tunaoishi hatuuombei, tunaulalamikia tu. Mimi nimeanza kuiombea Hamburg kwa jina na nimejiunga na usharika wa Wajerumani hapa karibu, wazee watupu, Jumapili tuko wachache sana na nyimbo zao wanaimba taratibu mno, lakini ni kwetu sasa. Hii miji miwili, Hamburg na Dar, hata kiserikali ni ndugu tangu mwaka 2010, sioni kwa nini nichague mmoja.

Sasa hivi tunalo la binti yetu. Sheria ya huku mtoto akifika miaka 14 ana haki ya kuamua dini yake mwenyewe, mzazi huwezi kumlazimisha, na yeye anafikisha mwaka huu. Ameniuliza wazi kama ni lazima apate kipaimara. Nyumbani limekuwa jambo kubwa, mama mkwe ananipigia ananiambia ndo hayo tuliyosema, mtoto anapotea, mlazimisheni. Namheshimu sana mama ila kwenye hili nimemkatalia, kwa adabu. Mimi nilipata kipaimara kwa sababu darasa zima tulikuwa tunapata na gauni jeupe lilishashonwa, na ilinichukua kuvuka bahari ndo nijue nilichokiri siku ile. Mwanangu akisema ndiyo nataka iwe ndiyo yake, na akisema bado, nitaendelea kumuombea na sala ya jioni itaendelea na zamu yake ipo.

Mama mkwe nimemuomba kitu kimoja. Asimpigie kumtisha. Ampigie amsimulie ule mwaka ambao babu yake aliachishwa kazi, watoto wapo sita na unga hamna, walivyokuwa wanaomba na walivyokuwa wanagombana pia, asimfiche, kwa sababu mtoto baba yake amemuona jikoni kwenye giza na anajua shida ni nini. Mjerumani hawezi kumsimulia hiyo, na mimi sikuwepo.